Floraidi na Figo: Tupime Maji Kabla ya Kufunga Pampu



Katika kamati za sharika wilayani Karatu, na hasa Kansay, tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja: je, maji yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia ndiyo pia yanayoharibu figo za wakulima wetu? Tumeona vyema kulijibu hapa, kwa faida ya sharika na ya marafiki wanaotuchangia.

Floraidi ni madini ya asili. Karatu ipo katika ukanda wa Bonde la Ufa, jirani na milima ya volkano ya Ngorongoro. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano huyeyusha madini hayo. Visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana. Floraidi haionekani kwa macho. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki hukolea zaidi. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Kwa mtu mzima, karibu nusu ya floraidi anayokunywa hutoka kwa mkojo kupitia figo. Sehemu kubwa ya inayobaki huingia kwenye mifupa. Watoto hubaki nayo zaidi, na ndiyo maana wengine hupata matege. Figo zikidhoofika, floraidi hujilimbikiza mwilini na viungo huuma. Mkulima mwenye maumivu hayo hununua diklofenaki dukani wiki baada ya wiki, na dawa za namna hiyo zikitumiwa mfululizo bila daktari huumiza figo. Kwa hiyo tatizo moja huongeza jingine.

Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba floraidi peke yake husababisha ugonjwa sugu wa figo. Huko Sri Lanka na Amerika ya Kati, wakulima wengi wameugua figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Wataalamu wanachunguza joto kali, upungufu wa maji mwilini, dawa za kuua wadudu, na kwa Sri Lanka, maji magumu yenye floraidi. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa takribani asilimia 7 ya watu wazima, na karibu nusu yao hawakuwa na shinikizo la damu, kisukari wala virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mwenye kuvimba miguu au uso asilaumu kisima tu. Apelekwe hospitali apimwe shinikizo, sukari, mkojo na damu.

Kamati zifanye nini?

1. Kisima kikichimbwa, maji yapelekwe maabara kabla ya kununua pampu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha Tanzania cha mwaka 2018 ni hicho hicho. Zamani tulikubali hadi miligramu 4. Visima vilivyopasishwa wakati huo vipimwe upya.

2. Maji yenye floraidi nyingi yatumike kufulia na kuogea. Ya kunywa na kupikia yatoke kwenye mvua. Bati la mita 40 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, huweza kukinga lita 19,000 hivi. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji lita 3,600 kwa miezi sita ya kiangazi.

3. Watoto walio chini ya miaka minane wapewe maji hayo kwanza, maana meno yao ya kudumu bado yanajengwa. Doa likishaingia, mswaki hauliondoi.

4. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huchuja floraidi. Lakini huchoka, hivyo pawepo mtu wa kuubadilisha na fedha za kuununua.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: sisi wenyewe tumewahi kushangilia maji yakitoka bombani kabla ya kuuliza yana nini. Kipimo cha maabara na tanki la shule havipendezi kwenye picha kama pampu mpya, lakini tunaomba viingizwe kwenye bajeti.

Watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba mji wao ni mzuri ila maji yake ni mabaya. Walianza kwa kusema ukweli kuhusu maji yao. Nasi tuanzie hapo.