Kadi imo sandukuni, mtoto hayuko mezani

JE, msomaji, nyumbani kwako kuna sanduku ambalo hufunguliwa Desemba pekee? Ndani mna kadi ya karatasi ya manila iliyochorwa kwa kalamu za rangi, nyota ya majani makavu ya mgomba iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, labda na pambo la vizibo vya soda vilivyotungwa kwa uzi wa sufu. Aliyevitengeneza alikuwa darasa la nne. Leo ana ndevu, au ana watoto wake mwenyewe, na Krismasi hii hatakuja.

Wazazi walio katika hali hii ni wengi katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, na Njiru ni mojawapo ya mahali ambapo huonekana wazi. Kando ya barabara ya Kangundo wako wazee waliotumia miaka yao yote ya kazi kulipia kiploti kimoja, kisha wakajenga chumba baada ya chumba, huku vumbi la machimbo ya mawe likiwaingia machoni. Walijenga vyumba vya kuwatosha watoto wote. Sasa mmoja yuko Riyadh, mwingine yuko Dallas, wa tatu yuko Kitengela tu lakini mwaka huu ni zamu ya wakwe. Wapangaji nao wamefunga milango na kupanda magari ya kwenda mashambani. Ploti nzima hubaki kimya, na kimya hicho ndicho huuma.

Kizazi hicho kilichoondoka kilisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa 1985, ambao katika miaka yake ya kwanza ulitilia mkazo kazi za mikono. Watoto walifuma, walisuka, walifinyanga, na wazazi walilalamika kuhusu gharama ya manila na gundi. Hakuna aliyejua kwamba takataka zile za sakafuni ndizo zitakazokuwa mali ya thamani.

Je, ni vyema kiafya kuvifungua vitu hivi, au ni kujitonesha kidonda? Swali hili ni la kale. Mwaka wa 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari huko Basel, Uswisi, aliandika kuhusu watu walioishi mbali na kwao wakadhoofika kwa kukumbuka nyumbani. Aliiona hali hiyo kuwa ugonjwa. Watafiti wa siku hizi wamefikia maoni tofauti. Uchunguzi uliochapishwa 2006 na wasomi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, ulionyesha kwamba mtu akikumbuka mambo matamu ya zamani hujihisi anapendwa zaidi. Mwingine wa 2008, uliofanywa na watafiti wa Uchina na Uingereza, ulionyesha kwamba upweke wenyewe ndio huamsha kumbukumbu hizo, nazo kumbukumbu humsaidia mpweke kuhisi kwamba bado ana watu.

Kwa hivyo fungua sanduku. Lakini usilifungue saa sita za usiku ukiwa peke yako. Mwite jirani, au watoto wa mpangaji ambaye hakusafiri, uwasimulie nani alitengeneza nini na alipigwa na mwalimu kwa sababu gani. Ipige picha ile kadi umtumie aliyeichora. Hapa nakusihi jambo moja: usiandike chini yake, "Zamani ulikuwa unatukumbuka." Maneno ya aina hiyo humfanya kijana aogope hata kupokea simu.

Pangeni saa ya simu mapema. Saa saba mchana Njiru, mnapopakua chapati, ni saa kumi alfajiri Dallas. Ngojeni saa kumi na mbili jioni, wakati kwake ni saa tatu asubuhi. Saudi Arabia saa ni kama zetu, ila huko Krismasi ni siku ya kazi kama nyingine, na binti anayefanya kazi za nyumbani huenda asiruhusiwe kushika simu mchana. Asipopiga, usikate shauri kwamba amekusahau.

Upweke si jambo la kupuuzwa. Katika ripoti iliyotolewa Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Njia ya kufikia huko ni ya kawaida kabisa. Mzee aliye peke yake haoni haja ya kupika, hulala bila kula, husahau tembe za presha au hupunguza dawa ya kisukari apendavyo. Wengine hujiliwaza kwa chupa. Hakikisha dawa zako zinatosha hadi baada ya Mwaka Mpya, maana zahanati nyingi hufungwa.

Tena, ukisikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usiseme ni huzuni tu. Mwaka wa 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambapo moyo hudhoofika ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko au majonzi makubwa, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni tarehe 25.

Wapo pia wazazi ambao sanduku lao ni zito kuliko haya yote: mtoto alitoka nyumbani na hakuna ajuaye aliko. Krismasi ya 2024 baadhi ya familia za Kenya ziliikaa zikiwatafuta vijana wao waliokuwa wametekwa, na wengine hawakuachiliwa hadi Januari 2025. Pauline Boss, msomi wa Marekani aliyezichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, aliita hali hii msiba usio na hakika. Huwezi kuomboleza, huwezi kutulia. Usimwambie mama kama huyo "kubali tu yaishe". Kaa naye. Akitaka kumwekea mwanawe sahani mezani, mwachie.

Huzuni ikidumu wiki mbili mfululizo, usingizi ukapotea, ukakosa hamu ya chochote au ukaanza kuwaza kujidhuru, tafuta msaada wa daktari. Hospitali ya Mathari hutibu maradhi ya akili, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure ya ushauri, 1199.

Kuhusu sanduku lenyewe: liweke mbali na sakafu, funga kadi kwa kitambaa safi cha pamba badala ya karatasi ya plastiki inayofungia unyevu, na uzikung'ute nje ikiwa mna mwenye pumu. Zile tembe nyeupe za kufukuza nondo ziepuke. Zina kemikali ya naftalini, ambayo inaweza kuharibu chembechembe nyekundu za damu, hasa kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika sehemu zenye malaria. Mtoto mdogo huzidhania peremende. Akimeza hata moja, mkimbize hospitalini mara moja, na uibebe pakiti yake.