Daftari la Kina Mama wa Yamumbi

Katika Kenya ya leo mtu akitaja neno chama peke yake, bila ya kulifuatishia jina, mara nyingi hakusudii siasa. Amekusudia kikao cha kina mama kumi na watano au ishirini, daftari moja, sanduku moja, na siku maalumu ya juma ambayo, mvua inyeshe jua liwake, lazima wakutane. Sisi wa pwani tuna jina letu la tangu na tangu, nalo ni upatu. Wengine huuita mchezo, ingawa wanaoucheza hawana mchezo hata kidogo. Bibi zetu waliosomesha watoto na kuwaoza kwa fedha za upatu hawakungojea benki ije kuwafundisha hesabu.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu leo namchukua msomaji mbali na bahari, na najua wako watakaoniuliza: ya bara yatuhusu nini? Subirini kidogo.

Yamumbi ni kijiji kilicho ubavuni mwa Eldoret, upande wa Langas na Kapseret, katika Uasin Gishu. Nimesema kijiji kwa mazoea tu, kwani mji unakila kidogo kidogo, na tangu Eldoret ilipopandishwa daraja ikawa jiji mwezi wa Agosti 2024, njaa yake imezidi. Hata hivyo mahindi bado yamesimama nyuma ya maduka, na ng'ombe wa maziwa wamefungwa kando ya nyumba za mabati. Baridi ya alfajiri huko, kwenye nchi iliyoinuka kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, humfanya mtu wa Mombasa ayatazame maji ya udhu kwa jicho la huzuni. Jina lenyewe, mwenye sikio la Kikuyu hulisikia ndani yake jina la Mumbi, yule mama wa asili katika ngano za watu hao.

Wakazi wake wengi ni kizazi cha wale waliokuja baada ya uhuru wa 1963 kununua mashamba ya walowezi, aghalabu Wakikuyu, wakichanga fedha katika makampuni na vyama vya ushirika kisha wakagawana vipande. Majirani zao ni Wanandi, ambao ardhi hiyo ilikuwa yao kabla ya Mzungu kuipigia mipaka na nambari. Na mji wenyewe wa Eldoret, wazee hadi leo huuita Sisibo, yaani sitini na nne, kwa kuwa posta yake ya mwaka 1910 ilijengwa katika shamba lenye nambari hiyo. Wapo pia Waluhya na Waluo, na mjini Waislamu hawakosekani. Naomba mchanganyiko huo usisahaulike, kwani ndio roho ya habari hii.

Kikao nilichohudhuria kilikuwa uani kwa mmoja wao, chini ya mti, baada ya adhuhuri. Nilipewa kiti cha plastiki na chai ya maziwa, nikaombwa nisiandike majina wala jina la chama, nami nikaahidi. Sanduku lilitolewa. Lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa kina mama watatu wasiokaa nyumba moja wala ukoo mmoja, hata mmoja akishawishika, hawezi peke yake. Fedha zikahesabiwa kwa sauti, mara mbili, mbele ya wote. Aliyechelewa akatozwa faini, naye akailipa huku akicheka, na mwenye zamu akakabidhiwa chake. Siku hizi michango mingine hupita kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, lakini walinieleza kwamba fedha iliyotumwa kwa simu nayo husomwa kikaoni kwa sauti, kwani wanataka isikike.

Hayo ni ya zamu. Lakini kilichonipeleka ni mfuko wa pili, ambao haurudi kwa aliyeutia. Kila mmoja hutoa humo kidogo, na humo ndimo hutoka unga, sukari na sabuni za kumpelekea mzazi aliyejifungua, sare ya mtoto aliyefiwa na wazazi, na nauli ya kwenda kumtazama mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi. Chama kina pia masufuria makubwa, sahani, viti na hema. Mwanachama akifiwa huvitumia bure. Mtu mwingine hukodi, na kodi hiyo huingia katika mfuko huo huo.

Msiba wa bara, msomaji, ni jambo zito kwa mfuko. Sisi maiti wetu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini, na gharama yake ni sanda na kuchimba. Wao hungojea jamaa kutoka mbali; maiti hulazwa mochari siku kadhaa kwa malipo, pana jeneza la kununua na gari la kukodi, na kila usiku waombolezaji wanakula. Bila ya chama, maskini huuza ng'ombe ili azike. Wala tusiwacheke, kwani sisi tuliopewa mazishi mepesi tumejitwisha wenyewe mzigo wa mapilau ya hitima na arubaini, mpaka mjane akakopa ili majirani washibe.

Mambo haya hayakuzuka jana. Maendeleo ya Wanawake iliundwa mwaka 1952, wakati wa utawala wa Waingereza, na mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Lakini chini ya chama hicho kikubwa, vijijini, kina mama walikuwa na mashauri yao wenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Mkoa wa Kati vilijulikana kwa mabati: walilima vibarua pamoja, wakaweka fedha, na kila mara wakamwezekea mmoja wao nyumba, wakiondoa nyasi na kutia bati, mpaka zamu ikawazungukia wote. Kwa bati mtu aliweza kukinga maji ya mvua, na mwenye maji nyumbani hakwendi mtoni. Waliohamia Bonde la Ufa walihama na ada hiyo pamoja na majembe yao.

Na karibu zaidi nasi, huko Mraru katika Taita, palikuwa na kina mama waliochoka kuachwa njiani na mabasi yaliyofika yamejaa, wasiweze kufikisha mazao yao sokoni Voi. Waliweka akiba, wakaongezea mkopo, na mwaka 1975 wakanunua basi. Si baiskeli wala mkokoteni; basi. Deni wakalilipa, na faida wakaijengea duka. Hayo yalitokea mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliuita Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, na sidhani kwamba katika hotuba zote za mwaka ule palikuwa na iliyozidi honi ya basi lile.

Nasi Mombasa je? Sisi tulikuwa na lelemama. Wenye umri wangu walisimuliwa na mama zao habari za Banu Saada na Ibinaal Watan, vyama vya ngoma vilivyokuwa na vyeo, sare, na ushindani usiolala. Watu huvikumbuka kwa ngoma na karamu, na ni kweli kwamba mashindano yalifika mahali pa kutia watu hasara. Lakini mwanachama akifiwa au akioza, wenziwe walimjia. Mtu hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1950, Waislamu wanawake wa mji huo waliunda vyama vya sura mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, wakauelekeza upande mwingine uwezo ule ule wa kukusanya watu na fedha, hususan katika elimu ya wasichana. Atakaye kuyajua haya kwa vinywa vya wenyewe na akitafute kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989, ambamo wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao. Ni aibu yetu kwamba wengi wetu tunajua zaidi masultani kuliko bibi hao.

Sasa nirudi Yamumbi, kwa jambo ambalo sikuliuliza mimi, walilianza wao.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Uasin Gishu iliwaka moto. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilichomwa likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Yamumbi nako nyumba ziliteketea, na watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret wakalala katika mahema. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchini kote kuwa 1,133, na waliohamishwa makwao ni mamia ya maelfu. Wala haikuwa mara ya kwanza; mwaka 1992 eneo hilo lilikuwa limekwisha kuonja.

Mama mmoja wa makamo, ndiye mweka hazina wa siku nyingi, alinieleza kwamba daftari la chama cha wakati huo liliungua pamoja na nyumba yake. Nilidhani atalilia nyumba. Alilia daftari, kwani ndani yake mlikuwa na zamu ya kila mtu: nani amekwisha kupokea na nani bado, nani anadai na nani anadaiwa. Waliporudi, baada ya miezi mingi, wale waliorudi, waliketi wakalitunga upya kwa vinywa. Kila mmoja alitaja deni lake mwenyewe kwanza, ndipo akataja analodai. Ilichukua vikao vitatu.

Miongoni mwa wanachama walikuwamo Wanandi wawili. Mmoja alikuwa amepokea zamu yake wiki chache kabla ya vita, hivyo alikuwa akidaiwa na wote. Angaliweza kunyamaza, na daftari lishaungua. Alikuja. Hakusema mengi, alitoa cha mwezi wa kwanza, akaketi. Wapili hakuja, na hadi leo hajaja. Wakikuyu wawili nao waliuza vipande vyao wakahamia kwingine bila kulipa. Madeni ya wote watatu yalipigwa mstari siku moja, kwa kalamu moja.

Nisije nikaremba. Walinikiri kwamba palipita miaka kadhaa kabla ya kukubali mwanachama mpya asiye wa kabila lao, na wako wawili waliojitoa ilipoamuliwa hivyo. Leo kikundi ni mchanganyiko tena, ingawa si nusu kwa nusu. Ukaribiapo uchaguzi hukutana mapema, na ni mwiko kutaja wagombea. Nilihisi kwamba amani yao haikusimama juu ya kupendana. Imesimama juu ya kudaiana: huwezi kumtakia mabaya mtu ambaye zamu yako inayokuja iko mkononi mwake.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoona ufa. Mkufu huo wa deni huwafunga wenye cha kutoa. Mwanamke afuaye nguo za watu kwa kibarua, ambaye leo kapata na kesho kakosa, atalipa wiki tatu, ya nne atatahayari, ya tano hatokei. Niliwauliza, nao hawakukana. Vyama vingi vimejaa walio juu kidogo ya umaskini, na maskini hasa yuko nje ya ua akisikia fedha zikihesabiwa.

Madaktari wa Eldoret wamewahi kujaribu dawa ya jambo hili. Ushirikiano wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 baina ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na chuo cha Indiana cha Marekani, ulianzisha mwaka 2012 katika eneo la Bunyala, Busia, vikundi vya waja wazito vilivyoitwa Chama cha Mamatoto. Humo wenye mimba walijifunza afya na kuweka akiba pamoja. Ilionekana kwamba katika kila wanachama 10 zaidi ya 8 walizalia hospitali, ilhali kwa wenziwao wasio na chama walikuwa 5 hivi. Hapo kiingilio kilikuwa mimba, na mimba haiulizi mfuko.

Kina mama wa Yamumbi hawana madaktari wa kuwaandalia utaratibu. Siku niliyokuwapo pakaletwa shauri la dobi mmoja, si mwanachama, aliyejifungua kwa kupasuliwa na kukwama na deni la matibabu. Mmoja alisema wazi kwamba wakimlipia huyu, kesho watakuja kumi. Mwingine akajibu kwamba basi waje. Palizuka ubishi wa dakika nyingi, kwa Kikuyu na Kiswahili, nami nikanywa chai yangu kimya. Mwishowe zikanyoshwa kengele za mikono, hesabu ikapatikana: watamtolea nusu, na nusu ya pili wataitafuta kanisani na kwa wenye maduka.

Katibu akaligeuza daftari, akaandika nyuma yake, mwisho kabisa, penye ukurasa wa peke yake. Nikaomba niutazame. Palikuwa na tarehe na viwango vya fedha, mstari chini ya mstari, vya miaka kadhaa, bila ya jina hata moja. Kwa mtu aliyekaa chuoni kwa maalimu akifunzwa adabu ya sadaka, ukurasa ule ulinipa haya kidogo, na nikauliza kama ndivyo walivyofunzwa na padri wao. Mweka hazina akasema hapana. Jioni watoto wake ndio humsaidia kujumlisha, na watoto hao husoma darasa moja na watoto wa wale waliosaidiwa.