Vikapu: Mechi tatu za kwanza hazitoshi kuhukumu kikosi cha chuo

MASHABIKI wa mpira wa vikapu katika vyuo vikuu vya Meru na Embu, sawa na wenzao kwingineko, hawana subira. Msimu huwa haujatimiza mwezi mmoja, timu imeshuka uwanjani mara mbili au tatu tu, na tayari hukumu imetolewa: mwaka huu hatuna kikosi. Au kinyume chake: mwaka huu kombe ni letu.

Ni gumzo la Nchiru, kuliko na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru (MUST), na la Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya (KeMU) viungani mwa mji wa Meru. Ukiifuata barabara kuu kupitia Nkubu na Chogoria utalikuta Chuka, na ukipita Runyenjes hadi Chuo Kikuu cha Embu, maswali ni yale yale. Yule mrefu mpya mbona hapandi kudaka mpira? Kocha mbona anabadilisha wachezaji kila baada ya dakika tatu?

Hukumu za mapema si mzaha. Timu ya chuo haina tiketi za kuuza, na mara nyingi haina mdhamini. Tegemeo lake ni bajeti ya idara ya michezo, ambayo inang'ang'aniwa na soka, raga, voliboli na michezo mingine mingi. Kikosi kikishapachikwa jina la wasindikizaji mwezi wa kwanza, ni rahisi kukinyima basi mwezi wa tatu.

Na basi ndilo uhai wenyewe wa timu iliyo mbali na Nairobi. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu (FIBA), mshindi hupata pointi mbili na anayeshindwa uwanjani hupata moja. Asiyefika kabisa huambulia sufuri, na mpinzani huandikiwa ushindi wa 20-0. Kwa maneno mengine, kikosi kinachosafiri na kutandikwa kwa vikapu 40 kinarudi nyumbani na pointi. Kilichokwama chuoni kwa kukosa mafuta hakipati kitu.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo huwapotosha wengi wanaposoma jedwali mapema. Tuseme timu moja imecheza mechi mbili na kushinda zote: ina pointi nne. Nyingine imecheza nne, ikashinda moja na kulemewa katika tatu: ina pointi tano, na imekaa juu. Shabiki anayetazama safu ya mwisho pekee atadhani ya pili ndiyo bora. Kabla ya kuanza kupiga hesabu za kombe, sharti mtu atazame kwanza idadi ya mechi zilizochezwa.

Lakini jedwali ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni kalenda ya masomo, na hapa ndipo wachezaji wapya huonewa.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa KCSE mwishoni mwa mwaka, na kwa kawaida huripoti chuo kikuu Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Kati ya hapo kuna miezi tisa hivi. Wengine huifanya kuwa miezi ya kuchuma chai au miraa, kuuza dukani, ama kukaa tu nyumbani. Isitoshe, mpira wa vikapu wa shule za sekondari kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa muhula wa kwanza. Hivyo basi, kwa wengi mechi ya mwisho ya ushindani ilichezwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuvaa jezi ya chuo.

Eneo hili lina shule zenye sifa katika mchezo huu, Kaaga Girls ya Meru ikiwa miongoni mwa zile ambazo majina yao si mageni katika mashindano ya kitaifa. Mashabiki wanapomwona nyota wa shule akihema kufikia robo ya pili, wao huona nyota aliyezimika. Ukweli ni kwamba mapafu na magoti yake yamepumzika mno. Meru na Embu ziko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na pumzi huko hairudi kwa juma moja la mazoezi ya jioni.

Wale wakongwe nao hawapo wote. Wanafunzi wa ualimu hutumwa mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, wa fani nyingine huenda kujifunza kazi maofisini na viwandani, na wa mwaka wa nne hufuzu na kuondoka. Kocha wa klabu ya benki au ya jeshi hukutana na wachezaji wale wale mwaka nenda mwaka rudi. Kocha wa chuo huanza kujenga upya kila Septemba. Anapobadilisha wachezaji kila dakika tatu, huenda anawatafuta watano anaoweza kuwaamini, na mechi za mapema ndizo nafasi pekee ya kuwatafuta.

Kuna pia migomo. Mwaka 2017 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kwa siku 54, kuanzia Januari hadi Machi. MUST, Chuka na Embu ni vya umma. KeMU ni cha kibinafsi. Kulinganisha timu ambayo wanafunzi wake walirejeshwa nyumbani na timu ambayo haikukosa hata siku moja ya mazoezi ni kulinganisha mlima na kichuguu.

Mvua nayo ina neno. Mashariki mwa Mlima Kenya mvua za Oktoba hadi Desemba huwa nzito, na viwanja vingi vya vyuo nchini ni vya saruji, tena wazi. Mpira uliolowa huteleza mkononi na anayekimbia huogopa kuvunjika mguu. Mechi iliyoishia 41-38 chini ya manyunyu haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na ya 78-70 iliyochezwa ndani ya ukumbi wa Nyayo, Nairobi.

Je, shabiki atazame nini basi, ikiwa matokeo yenyewe hayaaminiki?

Mwanatakwimu Mmarekani Dean Oliver, katika kitabu alichochapisha 2004, alipendekeza mambo manne: ubora wa mitupo, mipira inayopotezwa, ribaundi, na mitupo huru. Aliupa ubora wa mitupo uzito mkubwa zaidi, asilimia 40, akafuatisha mipira inayopotezwa kwa asilimia 25. Shida ni kwamba jambo hilo la kwanza, ambalo ndilo lenye uzito, ndilo pia linalodanganya zaidi mapema.

Chukua mitupo ya pointi tatu, ile ya kutoka mita 6.75. Kikosi ambacho kwa kawaida hufunga 30 katika kila majaribio 100 kinaweza, katika mechi tatu zenye majaribio 60, kufunga mara 14 au mara 22, bila ya uwezo wake kubadilika hata chembe. Tofauti hiyo ya vikapu vinane ni pointi 24. Inatosha kugeuza mechi mbili za vuta nikuvute, na ni bahati tupu. Hapo ndipo shangwe nyingi za mwezi wa kwanza huzaliwa, na matusi mengi pia.

Mipira inayopotezwa husema ukweli zaidi. Kikosi kilichoshika mpira mara 74 katika mechi na kuupoteza mara 20 kimetupa zaidi ya robo ya nafasi zake kabla hata ya kulenga kikapu. Si lazima mtu awe na tarakilishi kulijua hilo. Kalamu na karatasi zatosha. Kama hesabu hiyo ilikuwa 24 katika mechi ya kwanza, 20 katika ya pili na 15 katika ya tatu, timu inajifunza, hata kama imeshindwa zote tatu. Mitupo huru nayo haina mpinzani wa kuizuia, wala haitegemei ukali wa ratiba: anayeikosa leo dhidi ya vibonde ataikosa kesho dhidi ya miamba.

Halafu kuna suala la nani aliyechezwa naye. Vyuo hukutana katika michezo inayosimamiwa na KUSA, na vingine hujiunga na ligi za Shirikisho la Mpira wa Vikapu nchini (KBF), ambako vyuo vya Nairobi kama Strathmore, USIU na Zetech vimekuwa vikitoana jasho na klabu zinazolipa mishahara. Kulemewa kwa pointi 12 na timu ya aina hiyo kunaweza kuwa kazi bora kuliko ushindi wa pointi 30 dhidi ya jirani aliyekuja na wachezaji sita.

Timu ya taifa yenyewe ni ushahidi. Novemba 2020 jijini Kigali, Kenya Morans walilazwa na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo, na wengi wakawazika. Februari 2021 wapinzani hao wakakutana tena Yaoundé, na kikapu cha sekunde za mwisho cha Tylor Okari Ongwae kikawapa Wakenya ushindi wa 74-73. Morans wakafuzu kwa AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Kwa vyuo vya Meru na Embu, kipimo cha haki huja wakati wa marudiano, dhidi ya wapinzani wale wale, wachezaji wapya wakiwa wamekula mazoezi ya miezi kadhaa na mvua imepusa. Shabiki aliyehifadhi karatasi yake ya Oktoba ataiweka kando ya hiyo mpya na kuhesabu mipira iliyopotezwa.