Posho na Maana Yake

Maneno nayo husafiri kama watu, hukopa na hukopeshwa. Mjerumani alipoitawala bara alituachia maneno machache sana. "Shule" ni lake; "hela" nalo ni lake, na hela za mwisho alizipiga chapa pale pale Tabora mwaka 1916, Waingereza walipokwisha kumfungia njia ya bahari. Lakini lipo neno la chakula ambalo mkopeshaji wake ni sisi, nalo ni "posho".

Neno hili lilipita njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mtaji ulitoka Unguja. Mabega yalikuwa ya Wanyamwezi. Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860. Wajerumani nao wakaliandika baadaye. Wote walilikuta vinywani mwa wapagazi.

Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani ratli sabini. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, au nguo na shanga za kununulia chakula vijijini. Akinyimwa, hutua mzigo, na msafara mzima husimama, awe tajiri wake ni nani. Hivyo posho haikuwa hisani ya mkubwa. Ilikuwa haki ya aliyebeba.

Leo neno limetawanyika. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Kenya kinu cha kusagia mahindi huitwa kinu cha posho. Kwetu, bara na visiwani, limeingia maofisini: posho ya safari, posho ya kikao. Mwaka 2011 posho za vikao vya Bunge zilizua mjadala mkubwa nchini, na si ajabu. Mwananchi aliuliza swali ambalo mpagazi asingeulizwa kamwe: mzigo uko wapi?

Hatusemi mtumishi asilipwe. Afisa apelekwaye kijiji cha mbali au kisiwa kidogo lazima ale na alale. Tunasema tu kwamba neno lina asili yake, na asili hiyo ni kazi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha mpagazi kilijazwa kwa kila mwendo wa siku. Basi kila atiaye sahihi karatasi ya posho na ajiulize kwanza: leo nimebeba nini, na nimekifikisha wapi?