Uteuzi wa Zana ya Kuundia Programu za Kontena: Mtazamo kutoka Sake

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi ya kuteua zana ya kuundia, kwenye kompyuta moja, programu iliyogawanywa katika huduma ndogondogo. Hoja yetu ni kwamba, mahali kama Sake, kigezo cha kwanza si wingi wa uwezo wa zana, bali ni kiasi inavyoutegemea mtandao.

Tuchukue mfano wa kamusi ya Kiswahili cha Kongo. Huduma moja hutafuta maneno, ya pili hutoa sauti za matamshi, ya tatu hutunza data. Kila huduma huwekwa ndani ya kontena, yaani kifungashio chenye programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Kontena huanzishwa kutokana na taswira, ambayo ni kielelezo kisichobadilika. Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ndiyo iliyoueneza utaratibu huu; Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, huratibu kontena nyingi kwenye seva nyingi. Jina hilo la pili ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo.

Zana zenyewe ni za aina tatu. Kwanza, Docker Compose huanzisha huduma zote kwa amri moja, kwa kufuata faili moja ya maandishi. Pili, kind, k3d na Minikube huendesha Kubernetes ndani ya kompyuta moja. Mzigo wake ni mkubwa zaidi, kwani Minikube huhitaji angalau kumbukumbu ya gigabaiti 2 na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Tatu, Telepresence huiunganisha kompyuta ya mwundaji na seva zilizo mbali.

Sake iko kama kilomita 25 magharibi ya Goma. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji huo, kisha wakaiteka Goma. Katika mazingira ya namna hiyo, zana ya aina ya tatu husimama mara mtandao unapokatika. Aina mbili za kwanza huendelea, mradi taswira ziwe zimekwisha kuhifadhiwa. Docker huweza kuigeuza taswira kuwa faili moja, ikabebwa kwenye flashi kutoka Goma na kupakiwa Sake bila mtandao.

Hata hivyo, tahadhari moja yapasa kuzingatiwa. Taswira isiyotajiwa toleo lake, Kubernetes kwa kawaida huiulizia upya kwenye ghala la mbali kila inapoanzisha kontena. Mtandao usipokuwapo, kazi hukwama, ingawa taswira yenyewe imo ndani ya kompyuta. Basi namba ya toleo itajwe daima.

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza kuanza na Compose, na kuhamia kind au k3d pale tu ambapo programu itatumika hatimaye juu ya Kubernetes. Tukiteua kinyume cha hivyo, kamusi ya lugha yetu itaundwa na walio mbali nayo, nasi tulio karibu tutabaki kuisubiri.