Mama kijacho, Noah na mawe ya Mara

Musoma. Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, na ana ugonjwa mmoja ambao sijaupatia dawa: hawezi kupita kwenye jiwe zuri bila kuliokota. Mwaka jana, nikiwa na mimba ya miezi mitano, aliomba twende Mara siku nne "kabla mgeni hajafika". Nikakubali.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani husafiri na magari yaliyotengenezwa kama nyumba, yenye kitanda na jiko. Sisi tuliazima Noah ya shemeji yangu, tukatoa viti vya nyuma, tukaweka godoro, chandarua, mtungi mdogo wa gesi na madumu mawili ya maji. Usiku tungeegesha kwenye uwanja wa nyumba ya wageni na kulipia choo na bafu.

Kabla ya kuondoka nilipita kliniki. Muuguzi alinipima presha, akanipa dozi ya SP ya kuzuia malaria iliyokuwa imefika wakati wake, kisha akasisitiza mambo mawili. Mkanda wa gari upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usikatize katikati. Na kila baada ya saa mbili nishuke nitembee, kwa sababu mjamzito akikaa sana kwenye kiti damu inaweza kuganda miguuni.

Pancha kabla ya Bunda

Tulitoka Mwanza alfajiri. Tulipopita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, mwenzangu alipunguza mwendo akichungulia mawe. Nikamkumbusha kwamba ndani ya hifadhi haiokotwi hata kokoto.

Hatujafika Bunda, tairi la nyuma likapasuka. Tulipolinyanyua gari, jeki ikazama kwenye udongo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akasogea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Gari mmelizuia na nini?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumelizuia na chochote. Mzee akaleta mawe mawili ya kuwekea matairi na jingine bapa la kuweka chini ya jeki.

"Mnatafuta mawe ya kwenda nayo," alisema baada ya kusikia habari zetu, "ya kuwasaidia hapa hamyaoni."

Lile bapa tulimwomba, tukaondoka nalo. Bunda mjini fundi alituzibia pancha, nami nikatembea huku na huko, kama nilivyoagizwa.

Mawe ya Butiama

Tulikata kona Kiabakari kuelekea Butiama. Hapa mawe ndiyo mandhari yenyewe. Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, nyumba na makaburi yamezungukwa na majabali ya matale, yaani granaiti. Mwalimu alizaliwa hapa mwaka 1922, na baada ya kufariki dunia Oktoba 14, 1999 alirudishwa kuzikwa kwao.

Mwenzangu alinisomesha bila kuombwa. Miamba ya ukanda huu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukilitazama jale kwa karibu, vichembe vinavyong'aa kama vipande vya kioo ni kwatzi, na vile vinavyometameta na kubanduka kama magamba ni ulanga. Hatukugusa kitu Mwitongo. Vipande vyetu viwili tulivitoa pembeni ya shamba, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Ugomvi wetu

Jioni hiyo, kwenye mgahawa, kijana mmoja alimwambia mwenzangu kuwa upande wa Buhemba, kwa wachimbaji wadogo, kuna mawe meupe mazuri ajabu. Nilisema siendi, na yeye asiende. Asubuhi akapanda bodaboda akaenda.

Alirudi na kiroba nusu, viatu na suruali vimejaa vumbi.

"Umeyatoa wapi?"

"Karibu na mwalo, kwenye marudio. Usijali, zebaki sijaigusa."

"Hayo hayaingii kwenye gari."

"Yaani nimepigwa jua asubuhi nzima kwa ajili ya mawe ya kutupa?"

Tulinuniana hadi jioni. Mzazi mwenzangu, nieleze kwa nini sikulegeza.

Kwenye machimbo madogo, jiwe lenye dhahabu husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa na kuchanganywa na zebaki, ambayo hushikana na dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna harufu. Ukiuvuta huingia kwenye damu, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, na vumbi lake hufika nyumbani kwenye nguo na viatu. Nasi tulikuwa tunalala humo humo kwenye gari, madirisha yamefungwa kwa hofu ya mbu.

Usiku akauliza kwa sauti ya chini, "Kweli inaweza kumfikia mtoto?"

Nikamsimulia habari za Minamata, mji wa Japani ambako katika miaka ya 1950 watu walikula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Kuna akina mama walioonekana wazima kabisa, lakini wakajifungua watoto wenye ulemavu mkubwa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama.

Kesho yake alirudisha kiroba alikokitoa. Akaoga, akavaa nguo safi, na zile za machimboni akazifunga kwenye mfuko zifuliwe peke yake. "Ungeniambia habari ya Minamata jana," alisema. Na kweli, jana nilisema hapana tu, sikueleza. Hilo lilikuwa kosa langu.

Ziwa la Musoma

Musoma tulikula sato karibu na mwalo wa samaki wa Mwigobero, tukaunguza ugali wetu wa jioni, na usiku chandarua kikatuangukia mara mbili. Asubuhi joto lilikuwa kali, na mawe ya ufukweni yanaita. Mwenzangu alivua viatu, akasimama, akavivaa tena.

"Kichocho," alisema mwenyewe.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kama umeoga au kufulia ziwani, sema kliniki. Ugonjwa huu unapimwa na dawa yake ipo.

Binti yetu sasa ana miezi saba na anatambaa. Vile vipande vya Butiama vimepanda juu ya kabati, maana kila akionacho kinaingia mdomoni. Jiwe la mzee wa Bunda limebaki sakafuni, linazuia mlango. Hilo hawezi kulinyanyua.

Kabla hamjaondoka

- Mjamzito apite kliniki kwanza, na kadi yake asafiri nayo.
- Mkanda uvaliwe chini ya tumbo. Pumzikeni kila saa mbili.
- Laleni ndani ya chandarua, hata kwenye gari.
- Wajawazito na watoto wakae mbali na karasha, mialo na mahali dhahabu inapochomwa. Dhahabu isichomwe kwenye jiko la nyumbani kamwe.
- Anayetoka machimboni aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.
- Jiwe la kuokota liwe na ruhusa ya mwenye eneo, na lioshwe kabla mtoto hajalishika.