Maktaba ya Mlimani Isiwe Banda la Mitihani

Kila kazi ina majira yake. Mkulima ana majira ya kulima, ya kupalilia na ya kuvuna. Mvuvi ana kaskazi yake na kusi yake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu naye anayo majira yake, na mtu yeyote akaaye karibu na Mlimani, Dar es Salaam, aweza kuyatambua bila ya kutazama kalenda.

Mwaka wa masomo huanza karibu na mvua za vuli. Vijana huteremka katika mabasi wakiwa na masanduku na magodoro yao, na kwa majuma kadhaa mazungumzo huwa ni ya Simba na Yanga, ya nyimbo mpya za bongo fleva, na ya fedha za mkopo ambazo wenyewe wamezibandika jina la “bumu”. Wakati huo maktaba huwa na nafasi tele. Mitihani ya kati ya mwaka ikikaribia, mambo hugeuka. Viti hushikwa tangu alfajiri. Mtu huacha daftari lake juu ya meza kama atiaye alama ya mpaka wa shamba. Na neno litishalo kuliko yote ni “disko”, maana yake kufukuzwa masomo kwa kushindwa mitihani. Mitihani ikiisha ukimya hurudi, mpaka masika yapite na mitihani mingine ifike. Halafu ndipo huja likizo ndefu.

Hatuwalaumu vijana kwa kuuogopa mtihani. Mzazi aliyeuza mazao yake ili mwanawe asome angeudhika kama mwana huyo asingeuogopa. Lakini wengi wa hao wanaojazana katika majira ya mitihani hawakuja kutafuta vitabu. Wamekuja kutafuta kiti, taa na utulivu, ili wasome maandishi waliyoyaleta wenyewe kwapani. Kwao maktaba imekuwa banda la kujikinga mvua: mvua ikianza hukimbiliwa, ikikatika husahauliwa. Jambo hili lahusu Chama, na lamhusu kila mfanyakazi alipaye kodi.

Tukumbuke Chuo hiki kilianzia wapi. Mwezi wa Oktoba 1961, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa, masomo yalianza na wanafunzi wachache wa sheria katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 Chuo kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Basi elimu ya juu ya nchi hii ilipata hifadhi yake ya kwanza chini ya paa la chama cha wananchi. Na maktaba yake haikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru sheria ilitaka nakala za vitabu na magazeti yatolewayo nchini zipelekwe huko zikatunzwe. Maana yake ni kwamba maktaba ile ni ghala la Taifa.

Ndani ya ghala hilo mna nini? Ipo sehemu maalumu ya mambo ya Afrika Mashariki, na humo mna hazina ambayo wananchi wengi hawana habari nayo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu: tenzi, mashairi na mengineyo yaliyokuwa yamefungwa vitambaani na kuwekwa masandukuni majumbani mwa watu. Hakukusanya karatasi tu. Alikusanya pia kanda za sauti. Orodha ya vitu hivyo, vilivyowekwa katika maktaba ya Chuo, ilipigwa chapa huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Tenzi hizo tunazozistahi leo hazikutungwa kwa ajili ya maprofesa. Zilitungwa ziimbwe na kusikilizwa na watu barazani na majumbani. Zilikuwa burudani ya watu wa zama zao, kama vile bongo fleva ilivyo burudani ya vijana wa leo.

Mfano wa pili unatokana na likizo yenyewe. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo ilianzisha uchunguzi wa Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi walikwenda vijijini wakaketi na wazee, wengine wakiwa wameviona vita hivyo kwa macho yao, wakaandika maelezo yao. Wakati huo miaka zaidi ya 60 ilikuwa imekwisha kupita. Kama vijana wale wangengoja miaka 20 zaidi, wangekuta makaburi. Habari tulizokuwa tukizipata kutoka katika majalada ya Wajerumani peke yake zikapata sauti ya wenye nchi. Katika miaka hiyo hiyo Ebrahim Hussein, aliyekuwa akisoma Chuoni, alitunga mchezo wa Kinjeketile, uliotolewa kitabuni mwaka 1969, na vita vile vikarudi kwa wananchi jukwaani. Hivyo ndivyo likizo inavyoweza kuwa majira ya mavuno.

Sasa tujiulize: je, sisi tunavuna? Katika miaka ya 1960 na 1970 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na maandishi mengi ya watu wa kawaida. Mwaka 1965 Faraj Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi. Wakafuata wengi, wengine wakipiga chapa vijitabu vyao wenyewe kwa mashine ndogo za mitaani na kuviuza vibarazani. Wafanyakazi walivisoma baada ya kazi, wakaazimana mpaka kurasa zikachakaa. Mwaka 2017 Emily Callaci, mwanahistoria wa Marekani, alitoa kitabu juu ya maisha ya mji wetu katika miaka ya Ujamaa, na baadhi ya ushahidi wake ni riwaya hizo ndogo. Twampongeza kwa kazi yake. Lakini yafaa tuone haya kidogo pia, kwani vijitabu vilivyoandikwa na Waswahili wa mitaa yetu, juu ya maisha yetu, vingi tuliviacha vifungiwe karanga.

Na muziki je? Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo yajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Hiyo ni bendi iliyozaliwa na wafanyakazi wenyewe. Matangazo ya madansi yake, picha zake, barua za wapenzi wake na daftari za watunzi wake ni historia ya wafanyakazi wa nchi hii sawasawa na kumbukumbu za mikutano. Vitu vya namna hiyo viko wapi? Vingi vimo katika masanduku ya wastaafu, na mchwa hawangoji likizo.

Atatokea msomi atakayesema kwamba nyimbo za dansi na riwaya za mfukoni si vitu vya Chuo Kikuu. Tunamjibu hivi: kama wazee wetu wangedharau burudani za zama zao, Allen asingekuta hata mswada mmoja wa kuorodhesha. Taifa halijui mapema ni karatasi ipi itakayotafutwa na wajukuu. Lililo letu ni kuitunza.

Nyumba ya kutunzia haikosekani. Mwezi wa Novemba 2018 Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Lakini jengo halikusanyi vitu. Watu ndio wakusanyao.

Kwa hiyo yapasa mambo matatu yafanywe. Kwanza, wanafunzi waingie maktaba katika juma la kwanza la masomo na si katika juma la mwisho, na kila aendaye likizo arudi na kitu kutoka kwao: wimbo wa unyago au wa kuvuta nyavu uliorekodiwa kwa simu yake, pamoja na jina la mwimbaji, mahali na tarehe, kwani wimbo usio na mambo hayo ni kama barua isiyo na anwani. Pili, wakuu wa Chuo wamfungulie mlango mfanyakazi na mzee wa mtaani kwa heshima ile ile wanayomfungulia mgeni atokaye ng’ambo, na waharakishe kuyapiga picha magazeti ya zamani, maana karatasi ya gazeti hugeuka rangi na kukatika kila inapofunuliwa. Tatu, matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yawaulize wanachama wao wazee wana nini masandukuni, na yawasaidie kukipeleka kinapostahili kuwekwa, wakitaka wenyewe.

Ndugu wasomaji, kodi zetu ndizo ziwashazo taa zile ambazo vijana hukesha chini yake. Likizo ndefu ijayo na iwe ya kazi: kijana akifika nyumbani, mzee amfungulie sanduku, na wote wawili wakae chini waandike kilichomo.